Je, Wajua? Breki ya boda ina mshale wake

Kutoka Uthiru kupitia Kangemi hadi Westlands, kisha Museum Hill, njia ya kuingia mjini Nairobi inateremka. Mwendeshaji wa boda anayebeba abiria na mzigo huiminya breki asubuhi nzima, na ndiyo inayolika kwanza.

Pikipiki nyingi za kazi, Boxer zikiwemo, hutumia breki ya drumu. Shuu zake zimefichwa ndani ya gurudumu, huwezi kuziona. Lakini chunguza kimkono kinachoshikana na waya au fimbo ya breki, pale kwenye gurudumu: pikipiki nyingi zina kimshale hapo, na alama karibu yake. Kanyaga au minya breki mpaka mwisho. Mshale ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha. Kukaza nati kunarudisha breki juu, lakini hakurudishi unene wa shuu, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Shuu zikiwa zimekwisha, nati inakupa muda mfupi tu, na muda huo ni wa hatari.

Kwenye breki ya diski, chungulia kati ya kalipa na diski kwa tochi ya simu. Pedi nyingi zina mfereji katikati; ukifutika, badilisha pedi. Mafuta ya breki nayo hushuka taratibu kwenye kikopo kadiri pedi zinavyolika. Kwa hiyo usiyaongeze kabla ya kuzikagua. Ukisikia chuma kikikwaruza chuma, umechelewa: diski yenyewe inaliwa, na bei yake si ya pedi.