Somo la Afya: Mtu Anayekoroma na Kukatika Pumzi

Leo tutazungumza habari za kukoroma.

Mtu akikoroma, watu hucheka. Husema, "Huyu amelala fofofo." Lakini sikiliza vizuri. Pengine mkoromo hukatika ghafula. Kimya. Kifua kinahangaika, wala pumzi haipiti. Kisha hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka majini, halafu akaanza tena kukoroma. Mwenyewe hajui. Ajuaye ni yule alalaye karibu naye.

Sababu ni hii. Tukilala, ulimi na nyama za koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea hata kuziba njia ya pumzi, sekunde 10 au zaidi, mara nyingi usiku. Hewa hupungua katika damu, na ubongo humshtua ili apumue. Basi hapumziki. Mchana husinzia kazini. Na akiwa dereva, je? Tena shinikizo la damu huweza kupanda.

Kwa hiyo usimwite mvivu. Pumzi ikikatika, hesabu polepole mpaka irudi, ukamweleze daktari hesabu hiyo. Aliye mnene akipunguza uzito hupata nafuu. Kulala ubavu husaidia, na pombe aiache, maana huzidi kulegeza koo.

Iko na mashine. Mwaka 1981 Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na wenzake waliieleza: hupuliza hewa puani ili koo lisizibe. Haiondoi ugonjwa, hivyo huvaliwa kila usiku.