Sululu wa Pwani: Namna ya Kumtambua na Kumtazama

Kwa msomaji anayekaa karibu na migodi ya Katanga, sululu ni chombo cha kuchimbia. Kwa watu wa pwani, neno hilohilo ni pia jina la ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, kama chombo chenyewe. Jina hilo moja hubeba ndege wawili wa jenasi Numenius, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Sululu mkubwa (Numenius arquata) ana urefu wa sentimeta 50 hadi 60. Mdomo wake hupinda polepole, na kichwa chake hakina mistari. Sululu mdogo (Numenius phaeopus) huzidi kidogo tu sentimeta 40. Mdomo wake ni mfupi zaidi, tena hupinda karibu na ncha, na utosi wake mweusi hupasuliwa katikati na mstari mweupe. Jua likiyashinda macho, masikio yatatosha: mkubwa hulia kwa sauti ndefu inayopanda, ilhali mdogo hupiga mbinja fupi za haraka, mara nyingi saba mfululizo.

Wote wawili huzaliana kaskazini ya Ulaya na Asia, hufika Afrika toka Agosti, na hurudi mnamo Aprili. Wachanga wengine hubaki. Maji yakipwa hutawanyika topeni kutafuta kaa. Saa njema ya kuwatazama, kwenye ghuba ya Mida nchini Kenya au kwenye mikoko ya Muanda, pwani fupi ya Kongo, ni pale maji yanapoanza kujaa na kuwasogeza karibu na nchi kavu.

Uangalifu huu si mchezo. Ndugu yao, Numenius tenuirostris, alionekana kwa hakika mara ya mwisho nchini Moroko mwaka 1995. Mwaka 2025 alitangazwa kuwa ametoweka. Tawi moja la sululu mdogo, alboaxillaris, lizaalo katika mbuga za Asia ya kati, lilidhaniwa limekwisha mwaka 1994, likaonekana tena mwaka 1997, na mwaka 2016 likatambuliwa Maputo, Msumbiji. Jina lake la Kilatini lasema yote: kwapa jeupe. Sululu mdogo wa kawaida ana kwapa lenye mistari. Ndege akisimama, alama hiyo hufichika. Mtazamaji hana budi kungoja anyoshe bawa au aruke. Asipoliona kwapa, na aandike "sululu mdogo" tu.