Mtu mzima asianzishiwe kusoma kwa Kiingereza

Katika madarasa ya Kiingereza ya wakimbizi nchini Marekani, zoezi la mwanzo mara nyingi ni fomu: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa. Mkongo aliyemaliza sekondari Bukavu kabla ya kukimbilia kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania huijaza bila shida, ila atashangaa mwezi kutangulia siku, hata 3/7 ikawa Machi 7. Mama wa makamo ambaye hakuwahi kusoma shule, mgogoro wa mwezi na siku bado haumhusu. Yeye ndiyo kwanza anajifunza kwamba michoro ile inasimamia sauti zinazotoka kinywani. Wote wawili huitwa wanafunzi wanaoanza, wakapewa kitabu kimoja. Nadhani huyu wa pili anaonewa: angefundishwa kwanza kusoma Kiswahili anachokizungumza, Kiingereza cha kuandikwa kikafuata.

Ushahidi upo wa siku nyingi. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Ureno, ambamo watu wazima walitakiwa kuondoa au kuongeza sauti moja mwanzoni mwa neno la kubuni. Wasiojua kusoma walishindwa kwa sehemu kubwa. Wenzao wa hali ileile ya maisha, waliojifunza kusoma ukubwani, walifanya vizuri zaidi kwa mbali. Kumbe uwezo wa kupasua neno katika sauti zake hauji na umri, unakuja na herufi. Elaine Tarone, Martha Bigelow na Kit Hansen nao, katika kitabu cha 2009 kuhusu vijana wa Kisomali huko Minnesota, walionyesha kuwa wenye kisomo hafifu walipata taabu zaidi kurudia kwa usahihi sentensi waliyosahihishiwa na mwalimu. Hasara basi inafika hadi kwenye kuongea.

Sasa mtu afanye kazi hiyo ya kupasua maneno kwa lugha asiyoielewa, tena kwa tahajia ya Kiingereza. Herufi a ina sauti moja katika “cat”, nyingine katika “cake”, nyingine katika “call”. Kwa Kiswahili a ni a, na aliyeshika ma, me, mi, mo, mu amepata ufunguo wa maneno mengi. Lakini wepesi wa tahajia ni nusu tu ya habari. Anayetamka ma-ji, kisha akasikia maji, hahitaji mwalimu amwambie kwamba amepatia. Sikio lake limeshamthibitishia. Akisoma “shelf” atasubiri uso wa mwalimu, kwa kuwa neno lenyewe halijui. Huko si kusoma, ni kubahatisha, na mtu mzima anayebahatisha mbele za watu wiki baada ya wiki huacha kuja.

Wapo watakaosema Kiswahili chenyewe si lugha ya mama kwa Mbembe au Mfuliiru wa Kongo. Kweli, wala hakikuwa lugha ya mama kwa Wasukuma na Wahaya wengi wa Tanzania. Sensa ya nchi hiyo ya 1967 ilikuta takriban watu wazima wawili kati ya watatu hawajui kusoma. Rais Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya Kiswahili yakafunguliwa hadi chini ya miembe, na kabla ya muongo kwisha takwimu za serikali ziliwaweka wasiojua kusoma chini ya theluthi moja. Zitilie shaka takwimu hizo upendavyo, bado zinabaki na uzito. Lugha ya kuanzia inatosha iwe ile mtu anayonunulia, anayogombania na kusalia.

Hoja ya muda ni nzito zaidi. Mkimbizi anatakiwa apate kazi mapema, na misaada ni ya miezi michache. Ila sijasema Kiingereza kingoje. Cha mdomo kianze siku ya kwanza: bei, basi, daktari, msimamizi wa zamu. Kinachosogezwa mbele ni kitabu tu.

Linabaki darasa lenye Wakongo, Waafghani na Wakaren kutoka Myanmar, na mwalimu asiyejua hata moja kati ya lugha zao. Kwa jamii yenye watu wachache mjini hili linaweza kukosa ufumbuzi. Kiswahili hakina kisingizio hicho. Kongo ndiyo nchi iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani katika mwaka wa bajeti 2018, na tena 2019. Penye Wakongo wengi hakukosi mtu aliyesoma vizuri ambaye sasa anapanga masanduku ghalani. Alipwe saa mbili kwa wiki awafundishe wenzake silabi katika chumba cha pembeni, mwalimu wa Kiingereza akiendelea na waliobaki.