Marshali wa Anga Hayupo Ukonga

Kila vijana wa kidato cha sita wanapoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wa Itende pale Mbeya na wa Mafinga kwenye baridi ya Iringa, swali ni lile lile: Marshali wa Anga wa Tanzania ni nani? Hakuna. Orodha za vyeo vya anga mnazotumiana WhatsApp zimenakiliwa kwa Waingereza, waliojitungia vyeo hivyo mwaka 1919 ili wanaanga wao wasihesabiwe kama tawi la jeshi la nchi kavu. Cheo chao cha kileleni Hugh Trenchard alikipata wa kwanza, mwaka 1927. India, Nigeria na Zimbabwe zikaufuata mtindo huo. Sisi hatukuufuata, wala Kenya, wala Zambia hapo ng'ambo ya Tunduma. Kamandi ya Jeshi la Anga, yenye makao yake Ukonga, ni sehemu ya Jeshi la Wananchi (JWTZ) na vyeo vyake ni vya nchi kavu. Mkuu wake kwa kawaida huwa Meja Jenerali. Mwanaanga akipanda hadi Mkuu wa Majeshi anaitwa Jenerali tu, kama Julius Karangi wa Kenya mwaka 2011, na Francis Ogolla aliyefariki katika ajali ya helikopta Aprili 2024.

Kinachonichosha zaidi ni hesabu ya nyota. "Jenerali wa nyota nne" ni lugha ya Marekani, ambako nyota moja ni Brigedia Jenerali, na nyota tano katika jeshi la anga alizivaa mtu mmoja tu, Henry Arnold, mwaka 1949. Hapa kwetu mwenye nyota moja begani ni Luteni Usu aliyetoka chuo cha kijeshi cha Monduli juzi. Mbili ni Luteni, tatu ni Kapteni. Meja je? Hana nyota hata moja! Ana ngao ya taifa, ile bibi na bwana, na Kapteni anampigia saluti. Mwenye kuhesabu nyota atamdharau Meja mbele ya kuruta mwenzake, halafu ashangae kwa nini anachimba shimo jua la saa saba.

Mnaotaka kurusha ndege: msome fizikia na hisabati, mmalize JKT, msubiri tangazo la JWTZ lenyewe. Kamisheni ni Monduli. Si lazima uwe rubani. Mafundi wa ndege na watu wa rada wamo pia. Fomu haiuzwi. Anayekudai hela ya "connection", mpeleke polisi.