Kumbukumbu za Kompyuta: Sentensi au Sehemu?

Malori yatokayo Tororo huingia Kenya kupitia Malaba au Busia. Tuchukulie kwamba karani mmoja mpakani ameandika daftarini: "Lori limepita saa mbili, limelipa shilingi elfu tano." Sentensi hii ni sanifu, lakini kama kumbukumbu ina kasoro. Je, ni saa mbili asubuhi au usiku? Shilingi ni za Kenya au za Uganda?

Kompyuta nazo huweka daftari la aina hii. Umeme unapokatika au mtu anapokosea nywila, programu huandika tukio hilo. Kwa mfano, KenyaEMR na UgandaEMR, mifumo ya kutunza taarifa za wagonjwa, zote zimejengwa juu ya programu huria ya OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004. Seva ikikwama, fundi hutegemea kumbukumbu kujua chanzo.

Tangu miaka ya 1980, mifumo ya jamii ya Unix imetumia syslog, ambamo ujumbe ulikuwa sentensi huru. Kwa Kiswahili tatizo huongezeka kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi. Mmoja ataandika "faili limefutwa", mwingine "faili imefutwa", na wa tatu "mafaili yamefutwa". Anayetafuta "limefutwa" atakosa mengine yote.

Kumbukumbu zenye muundo hutenganisha taarifa katika sehemu zenye majina:

tukio=malipo
wakati=2024-05-06T08:00:00+03:00
kiasi=5000
sarafu=UGX

Hapa utata umekwisha. Alama +03:00 yaonyesha kuwa ni saa za Afrika Mashariki, na UGX ni shilingi ya Uganda.

Mwenye kuandika programu huria ana njia kuu tatu. Ya kwanza ni syslog mpya, iliyosanifishwa mwaka 2009 kwa waraka wa RFC 5424. Hii huruhusu sehemu zenye majina, nayo hupitisha kumbukumbu kwa urahisi kati ya mashine tofauti. Ya pili ni journald ya systemd, iliyotangazwa mwaka 2011. Hupanga kila tukio kwa sehemu, ila huhifadhi kwa umbo ambalo husomwa kwa programu maalumu, journalctl. Ya tatu ni kuandika kila tukio kwa mstari mmoja wa JSON. Hii husomwa na programu nyingi, lakini wahusika wenyewe hawana budi kukubaliana majina ya sehemu.

Kigezo chetu ni hiki: je, mfumo hutenganisha tukio na maneno yanayolieleza? Katika journald, tukio laweza kupewa namba yake ya kudumu, na maelezo yake kuwekwa katika orodha ya lugha mbalimbali. Hivyo maelezo huweza kuwa ya Kiswahili bila kuvuruga utafutaji. Wanaotumia syslog au JSON nao waweza kuongeza sehemu ya namba hiyo. Ila jina la mgonjwa lisiandikwe humo kamwe.

Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ukathibitisha kuwa programu huria huweza kuzungumza Kiswahili. Maelezo ya kumbukumbu ni hatua nyingine, nayo yahitaji wanaisimu pamoja na mafundi.

Zoezi kwa wanafunzi: igawanye sentensi ya karani katika sehemu zake, kisha taja kila taarifa iliyokosekana.