Wanaoasili mtoto Nakuru watahadhari na maji ya hotelini

WAZAZI wanaosafiri hadi Nakuru, Gilgil au Naivasha kumchukua mtoto wanayekusudia kumuasili hukabiliwa na swali dogo lenye uzito: walale wapi naye? Tangu Novemba 2014, serikali iliposimamisha uasili wa watoto wa Kenya na raia wa kigeni, safari hii imekuwa hasa ya Wakenya wenyewe. Sheria yataka mtoto akae mikononi mwao miezi mitatu mfululizo humu nchini kabla ya ombi kupelekwa kortini. Kwa familia iliyotoka mbali, usiku wa kwanza wa miezi hiyo waweza kuwa wa hotelini.

La kutazamwa kwanza ni maji. Maji mengi ya visima katika sehemu hii ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi itokayo kwenye miamba ya volkano, nayo ndiyo iliyowatia wakazi wengi rangi ya kahawia menoni. Shirika la Afya Duniani lapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Wengi hudhani kuyachemsha kunatosha. La hasha! Kuchemsha huua viini, lakini floridi husalia, tena hukolea zaidi maji yakipungua kwa mvuke. Mtoto wa maziwa ya unga huyanywa maji hayo kutwa kucha, ilhali meno yake ya kudumu yangali yanajengeka ndani ya ufizi.

Basi birika la umeme chumbani lisiwahadae. Yanunuliwe maji ya chupa, kibandiko kisomwe kujua kiwango cha floridi, kisha ndipo yachemshwe. Hoteli yenye kichujio cha mkaa wa mifupa, aina ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeieneza kwa miaka mingi, ni ya kupendelewa.

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huwa na baridi kali. Blanketi za ziada ziombwe mapema. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kamwe, kwani hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki.

Mtoto aliyezoea kulala na wenzake makaoni huenda akashtushwa na ukimya. Taa hafifu iachwe ikiwaka, na shuka aliyotoka nayo isifuliwe upesi, maana harufu yake humtuliza.

Barua ya shirika la uasili nayo iwe mkobani, si garini, iwapo mhudumu wa mapokezi atauliza mtoto ni wa nani.