Gari Dogo Katika Masika: Je, Wepesi Ndio Unaoliponza?

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, umekaa mahali ambapo maji hayana budi kupita. Upande mmoja umeinuka Mlima Kwaraa, upande mwingine limelala Ziwa Babati, na kati yake inapita barabara kuu itokayo Arusha. Magari yaendayo Dodoma na yale yaendayo Singida huachana hapo hapo mjini. Masika yanapowadia, maji huteremka kutoka milimani kwa njia ya makorongo ambayo mengi yake huwa makavu kabisa wakati wa kiangazi. Mwaka 1990 ziwa lenyewe lilifurika.

Katika barabara hizo magari madogo si haba: Vitz, Passo, IST, na yale malori madogo ya Suzuki ambayo wananchi wameyapa jina la Kirikuu. Tangu ilipozinduliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, mwaka 2018, gari dogo laweza kwenda mwendo mrefu na wa kasi bila kukutana na vumbi wala mashimo ya zamani. Lakini mvua ikinyesha, abiria huanza kunong'ona: gari jepesi halishiki barabara. Wapo hata wanaoshauri kutia mfuko wa mchanga nyuma ya gari ili "litulie".

Makala hii inakusudia kuupima usemi huo kwa kanuni za fizikia zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari. Tutaona kwamba usemi huo una kosa pale ambapo watu wengi huuamini, na una ukweli pale ambapo wengi hawaufikirii. Kosa hilo la pili ndilo linalopoteza maisha.

Breki na Uzito

Gari husimama kwa sababu ya msuguano kati ya matairi na barabara. Kani ya msuguano hupatikana kwa kuzidisha uzito wa gari kwa namba ya msuguano, ambayo hutegemea hali ya tairi na ya barabara. Katika lami kavu namba hiyo ni karibu 0.7, katika lami iliyolowa yaweza kushuka hadi 0.4, na katika udongo wa mfinyanzi uliolowa ni 0.2 au chini ya hapo.

Ni kweli, basi, kwamba gari zito hupata msuguano mkubwa zaidi. Lakini tusisahau upande wa pili wa mizani: gari zito lina tungamo kubwa zaidi la kusimamishwa. Ukiongeza tungamo mara mbili, kani ya msuguano huongezeka mara mbili, na kazi ya kulisimamisha gari huongezeka mara mbili vile vile. Mambo hayo mawili hufutana. Umbali wa kusimama hubaki ukitegemea kasi na namba ya msuguano tu.

Tufanye hesabu. Umbali wa kusimama ni kasi kipeo cha pili, ikigawanywa kwa mara mbili ya namba ya msuguano na mchapuko wa mvutano (mita 10 kwa sekunde kwa sekunde). Gari likienda kilomita 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde, litahitaji mita 14 katika lami kavu, mita 24 katika lami iliyolowa, na mita 48 katika utelezi wa udongo. Likienda kilomita 80 kwa saa, umbali huo huwa mita 35, mita 62 na mita 123. Tena hapo hatujahesabu ile sekunde moja ambayo dereva huitumia kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Katika kasi ya kilomita 80, sekunde hiyo peke yake ni mita 22.

Katika hesabu hizi zote hatukuulizwa uzito wa gari hata mara moja. Mfuko wa mchanga, kwa hiyo, haupunguzi umbali wa kusimama.

Utando wa Maji

Hatari ya pili ni pale tairi linapopanda juu ya maji na kuachana kabisa na lami. Katika kasi ndogo, maji hupata nafasi ya kutoka kwa kupitia mifereji ya tairi. Kasi ikizidi, maji hukosa muda wa kutoka. Hujikusanya mbele ya tairi na kuliinua. Usukani huwa mwepesi ghafla, na breki hazina tena cha kushika.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini nchini Marekani na Walter Horne na mwenzake Robert Dreher wa shirika la NASA, hasa kwa ajili ya matairi ya ndege. Katika taarifa yao ya mwaka 1963 walionyesha kwamba kasi ambayo tairi huanza kuelea hutegemea kanieneo ya upepo uliomo ndani yake. Kwa vipimo vyetu, kasi hiyo katika kilomita kwa saa ni takriban 6.4 mara kipeuo cha pili cha kanieneo katika kilopaskali. Tairi lenye kilopaskali 200, ambalo geji ya fundi wa pancha husoma 29, litaanza kuelea karibu na kilomita 90 kwa saa. Upepo ukipungua hadi kilopaskali 120, kasi hiyo hushuka hadi kilomita 70. Kanuni hii inahusu maji yaliyo na kina kuliko uwezo wa mifereji kuyatoa; kwa tairi lililo kipara, hata maji haba yatosha.

Mbona uzito haumo? Sababu ni kwamba tairi lililobebeshwa mzigo mkubwa hujibonyeza na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Kila tairi la gari la kilo 900 hubeba kilo 225, na kwa kanieneo ya kilopaskali 200 hukanyaga karibu sentimita za mraba 112 tu, eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Gari zito lenye upepo ule ule litakanyaga eneo kubwa zaidi, lakini kanieneo juu ya maji itakuwa ile ile.

Hapa kuna onyo kwa dereva wa gari dogo. Tairi la basi la abiria huweza kuwa na kilopaskali 700 au 800. Ukiweka namba hizo katika kanuni ya Horne utapata kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Basi likikupita katika mvua, usilifuate kwa kasi yake ukidhani kwamba barabara inayolibeba basi itakubeba na wewe. Na ukihisi usukani umekuwa mwepesi, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani imara, wala usikanyage breki kwa nguvu.

Mzigo Unapobadili Tabia ya Gari

Hata hivyo, wepesi una madhara yake. Gari la kilo 900 likipakia watu watano wenye wastani wa kilo 65, limeongezewa kilo 325, yaani zaidi ya theluthi moja ya tungamo lake. Gari la kilo 2,200 likipakia watu hao hao limeongezewa asilimia 15 tu. Kwa sababu hiyo gari dogo hubadilika tabia sana kulingana na mzigo: likijazwa nyuma, magurudumu ya mbele yanayoliongoza hupunguziwa uzito. Kirikuu tupu huwa na shida ya kinyume chake, kwani injini na dereva vipo mbele, ilhali magurudumu ya nyuma yanayolisukuma hayana mzigo wa kutosha, na katika tope huzunguka bure.

Korongo Lililojaa

Sasa tufikie mahali ambapo wepesi ni hatari ya kweli. Gari limefika kwenye korongo ambalo maji yanapita juu ya barabara. Maji hayafiki hata magotini. Je, livuke?

Archimedes alitufundisha kwamba kitu kilichozama katika maji husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyahamisha. Chukua gari la kilo 900, ambalo sakafu yake iko sentimita 15 kutoka ardhini na eneo la tumbo lake ni mita za mraba 5. Maji yakishapita sakafu, kila sentimita moja inayoongezeka huhamisha lita 50 za maji, na hivyo kuyaondolea matairi mzigo wa kilo 50. Maji yakiwa na kina cha sentimita 30, kilo 750 zimekwisha ondolewa. Matairi yamebakiwa na kilo 150 tu. Yakifika sentimita 33, gari zima linaelea.

Lakini si lazima lielee ndipo lichukuliwe. Kilo 150 zilizobaki ni uzito wa nyutoni 1,500. Kwa namba ya msuguano ya 0.5, matairi yaweza kuzuia nyutoni 750. Maji yaendayo mita 2 kwa sekunde, kasi inayozidi kidogo mwendo wa mtu mwenye haraka, yakilipiga gari hilo ubavuni, penye urefu wa mita 3.6 na kina cha sentimita 15 juu ya sakafu, husukuma kwa takriban nyutoni 1,080. Msukumo umeushinda msuguano, na gari linaondoka. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Maji ya tope ni mazito zaidi, na hubeba mawe na magogo. Watu wa Manyara hawahitaji kukumbushwa nguvu ya maji yashukayo mlimani: tope lililoteremka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 liliua watu zaidi ya 80 katika eneo la Katesh.

Wenye magari makubwa nao wasijidanganye. Gari la kilo 2,200, lenye sakafu iliyo juu sentimita 25 na tumbo la mita za mraba 8, huelea maji yakifika sentimita 52 hivi. Tofauti kati ya gari dogo na kubwa ni sentimita 20 tu, na korongo laweza kupanda kiasi hicho kwa muda mfupi sana.

Jaribio la Darasani

Mwalimu aweza kuyathibitisha haya bila maabara. Kwanza, chukua kipande cha tairi kuukuu, kiweke juu ya ubao, na uinue ubao upande mmoja mpaka kipande kianze kuteleza. Gawanya kimo cha ubao kwa urefu wa kitako chake. Jibu ndilo namba ya msuguano. Funga jiwe juu ya kipande hicho na urudie: kipande kitateleza katika mwinuko ule ule. Kisha lowesha ubao, na mwinuko utapungua.

Pili, chukua bakuli la plastiki la mstatili, pima eneo la kitako chake, litie mawe na upime tungamo lote. Wanafunzi wakokotoe kwanza kina ambacho litaelea, ndipo waliweke katika beseni na kumimina maji polepole. Namba waliyoipata daftarini wataiona ikitimia mbele ya macho yao.

Tumalizie kwa yale ambayo hesabu imetufundisha. Katika lami iliyolowa, gari dogo si dhaifu kwa sababu ya wepesi wake. Lipatie matairi yenye mifereji, upepo uliokamilika na mwendo wa kiasi, nalo litasimama sawasawa na gari lolote. Katika korongo linalopitisha maji, wepesi hauna dawa, na mfuko mmoja wa mchanga wa kilo 50 unafutwa na sentimita moja ya maji. Hapo dereva hana budi kusimama ng'ambo hii na kungoja. Maji ya korongo hupungua. Aliyengoja atavuka baadaye.